Mupashi Ng'ambo Hii, Roho Ng'ambo Ile: Lugha katika Masomo ya Theolojia na Dini kwa Wanafunzi wa Mwambao wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna lugha inavyoathiri masomo ya theolojia na dini katika chuo kikuu kwa wanafunzi wanaotoka Nchelenge na mwambao wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia. Ziwa hili ni mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kibemba kinatumika upande mmoja, na Kiswahili cha Katanga kinasikika upande wa pili. Wakristo wa pande zote mbili wanamkiri Roho yuleyule, lakini neno la Kibemba limetoka katika imani ya wahenga, ilhali neno la Kiswahili limetoka katika msamiati wa Kiislamu wa pwani. Makala yanadai kwamba masomo yanayoendeshwa kwa Kiingereza au Kifaransa pekee huificha tofauti hiyo, na kwamba gharama yake hulipwa na mhitimu anaporudi kuhudumia watu wa ziwani.

1. Utangulizi

Nchelenge ni mji wa wavuvi katika Mkoa wa Luapula. Pamoja na Kashikishi, penye soko la samaki na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo, mji huu ni kituo cha biashara na huduma cha mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya pili, katika ardhi ya Kongo, ipo miji ya Kilwa na Pweto. Jina Kilwa lisimchanganye msomaji: hapa halihusu Kilwa Kisiwani ya pwani ya Tanzania, bali mji wa Kongo ulio kando ya Mweru, ambao jina lake ni sawa na la kisiwa kilichomo ndani ya ziwa hilohilo. Mitumbwi na boti huvusha samaki, nguo, unga na watu, na pamoja navyo huvuka maneno.

Kijana wa Nchelenge anayetaka kusoma theolojia au dini katika ngazi ya shahada hulazimika kusafiri mbali. Akielekea uchungaji katika Kanisa la Muungano la Zambia, lililoundwa mwaka 1965, njia yake humpeleka Chuo Kikuu cha kanisa hilo huko Mindolo, Kitwe. Akiwa wa makanisa ya Kireformati, huenda Chuo Kikuu cha Justo Mwale, Lusaka. Mkatoliki anayetaka upadri hupitia seminari kuu, ikiwamo ile ya Mtakatifu Dominiko iliyopo Lusaka. Anayetaka kuwa mwalimu wa elimu ya dini katika shule za sekondari anaweza kwenda Chuo Kikuu cha Zambia, kilichoanza kufundisha mwaka 1966. Kote huko hukuta lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Swali linaloongoza makala haya ni hili: kijana huyo anapohama kutoka Kibemba cha ziwani kwenda Kiingereza cha darasani, na kisha kurudi tena kwa watu wake, ni kitu gani kinapotea njiani?

2. Theolojia na Taaluma ya Dini

Kabla ya kulijibu swali hilo, inafaa kutofautisha masomo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Theolojia huanzia ndani ya imani. Mwanafunzi wake huyachunguza maandiko, historia ya kanisa, mafundisho ya msingi, maadili na utendaji wa kichungaji, huku akikubali kwamba anajibu mbele ya jumuiya ya waumini. Ndiyo sababu mitaala ya theolojia hudai lugha za Biblia, yaani Kiebrania na Kigiriki. Taaluma ya dini huanzia mahali pengine. Huichukulia dini kama jambo la kibinadamu linaloweza kuelezwa na kulinganishwa kwa zana za historia, isimu, sosholojia na anthropolojia. Mwanafunzi wake hatakiwi kuamini wala kukana kile anachokichunguza.

Nchini Zambia tofauti hii imefika mpaka shuleni. Kwa miaka mingi elimu ya dini katika sekondari ya juu imefundishwa kwa mihtasari miwili, inayojulikana na walimu kwa namba zake. Muhtasari wa 2046 umejikita katika Biblia, hasa maisha ya Yesu na kanisa la mwanzo. Muhtasari wa 2044 hupanga mada za maisha na kuzitazama kupitia Ukristo, dini za jadi za Zambia, Uislamu na Uhindu. Mwalimu anayepangiwa shule ya mwambaoni anaweza kukutana na wowote kati ya mihtasari hiyo. Wa kwanza unamtaka awe karibu na theolojia, wa pili unamtaka awe mwanataaluma ya dini.

Zambia ilitangazwa kuwa taifa la Kikristo tarehe 29 Desemba 1991 na Rais Frederick Chiluba, na tamko hilo likaingizwa katika dibaji ya Katiba mwaka 1996. Katika mazingira hayo ni rahisi kudhani kwamba theolojia inatosha na taaluma ya dini ni pambo. Historia ya mwambao wa Mweru inaonyesha vinginevyo.

3. Dini Zilizokutana Ziwani

Kabla ya misheni yoyote, ziwa na bonde la Luapula vilikuwa na utaratibu wake wa utakatifu. Simulizi inayofahamika zaidi ni ile ya Nachituti. Inasimulia kwamba kaka yake Nkuba, mtawala wa Washila waliokuwa wavuvi wa eneo hilo, alimuua mwana wa Nachituti. Mama huyo alimwendea Mwata Kazembe wa Walunda kuomba kisasi, na baada ya Nkuba kuuawa alimkabidhi Kazembe nchi na maji, kwa ishara ya kikapu cha udongo na chungu cha maji. Mwanahistoria David Gordon, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kinachobeba jina la zawadi hiyo, ameonyesha jinsi simulizi hii ilivyoendelea kutumika katika kueleza nani ana haki juu ya ardhi na uvuvi. Hivyo basi, hata suala la nani avue wapi halikuwa la uchumi pekee, bali liliungana na wahenga na walinzi wa mahali.

David Livingstone alipofika Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867 na kisha kwenda kwa Kazembe, alimkuta huko mfanyabiashara Muhammad bin Salih, aliyekuwa ameishi pale kwa miaka. Kwa hiyo watu wa biashara ya pwani, pamoja na Uislamu wao, walitangulia misheni za Kikristo katika eneo hili. Baadaye Dan Crawford, mmisionari wa Plymouth Brethren kutoka Uskoti, aliweka makao Luanza juu ya ufuo wa magharibi wa ziwa, akatafsiri Biblia katika Kiluba-Sanga, na akafariki huko mwaka 1926. Upande wa mashariki, London Missionary Society ilifungua kituo cha Mbereshi mwaka 1900. Mabel Shaw, aliyefika hapo mwaka 1915 na kuondoka 1940, aliendesha shule ya bweni ya wasichana na kuwaelezea Kristo kwa taswira ya Chifu. Wakatoliki walijenga parokia, shule na hospitali. Tangu enzi za ukoloni, Mashahidi wa Yehova nao wamekuwa na wafuasi wengi katika Luapula.

Kila kundi kati ya hayo lililazimika kufanya kazi moja: kutafuta maneno. Mwanatheolojia Lamin Sanneh, katika kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu tafsiri na umisionari, alieleza kwamba Ukristo unapotafsiriwa hukubali kuingia katika utamaduni wa lugha inayoupokea. Hoja hiyo inathibitika Mweru, tena mara mbili, kwa kuwa Ukristo uliingia kwa milango miwili tofauti.

4. Milango Miwili ya Tafsiri

Katika Kibemba, Roho Mtakatifu huitwa *Mupashi wa Mushilo*. Neno *umupashi*, wingi *imipashi*, halikuzaliwa kanisani. Katika imani ya jadi, *umupashi* ni roho ya mhenga inayoilinda familia. Mtoto huweza kupewa jina la mhenga, linaloitwa *ishina lya mu mutoto*, yaani jina la kitovuni, na *umupashi* wa mhenga huyo huwa mlinzi wake. Mtu mzima anapofariki, ndugu huteua mrithi wa jina na nafasi yake katika desturi ya *ukupyana*. Kinyume cha *umupashi* ni *icibanda*, wingi *ifibanda*, roho ya mfu aliyekufa na kinyongo au roho inayodhuru. Watafsiri walilitumia neno *ifibanda* kwa pepo wachafu wa Injili. Wako pia *ngulu*, roho zinazohusishwa na mahali kama maporomoko na miamba, ambazo huweza kumpanda mtu.

Kwa Kiswahili mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wamisionari wa karne ya 19, kama Krapf huko Mombasa na Steere huko Zanzibar, waliikuta lugha ambayo tayari ilikuwa imezungumza dini ya Mungu mmoja kwa karne nyingi. Waliyachukua maneno yenye asili ya Kiarabu yaliyokuwa midomoni mwa Waislamu: *roho*, *malaika*, *nabii*, *dhambi*, *toba*, *imani*, *baraka*, *sala*. Neno la Kibantu *mzimu*, ambalo kimaana lingekaribiana na *umupashi*, liliachwa nje ya kanisa. Ukoo wake ulibaki katika neno *kuzimu*, ambalo Biblia ya Kiswahili hulitumia kwa makao ya wafu. Neno *pepo* nalo lilipata hali ya kushangaza: *pepo wachafu* ni adui wa mwanadamu, lakini *peponi* ni mahali pa raha ya milele.

Tofauti haiishii kwenye nomino. *Takatifu* hutokana na *takata*, kuwa safi. Anayesema *Roho Mtakatifu* husikia usafi. *Mushilo* hutumika pia kwa kitu kilichotengwa na kukatazwa, kama msitu usiokatwa au pori lisilowindwa. Anayesema *Mupashi wa Mushilo* husikia mpaka usiovukwa ovyo, jambo ambalo Mswahili angelieleza kwa neno *mwiko*. Wavuvi wawili Wakristo, mmoja wa Nchelenge na mwingine wa Kilwa ya Kongo, huweza kusali pamoja sokoni na kukubaliana katika kila kifungu cha imani, huku maneno yao yakiwa yamebeba dini mbili za awali zilizo tofauti: ya wahenga wa Luapula na ya Waislamu wa pwani.

5. Kutoka Darasani hadi Kanisani

Mwanafunzi wa theolojia hufundishwa kwamba neno la Kiebrania *ruah* na la Kigiriki *pneuma* yana maana ya upepo, pumzi na roho kwa pamoja. Katika Yohana 3:8 maana hizo huchezeshwa ndani ya sentensi moja. Darasani, mhadhiri hueleza kwa Kiingereza kwamba lugha hiyo inalazimika kutumia maneno mawili tofauti, na somo huishia hapo. Lakini mwanafunzi wa Nchelenge ana swali la ziada. Katika Kibemba upepo ni *umwela*, na *umwela* hauna ukoo na *umupashi*. Kwa hiyo anachopoteza si kile anachopoteza Mwingereza. Anapoteza upepo, na badala yake anapata mhenga. Katika Kiswahili, *upepo* na *pepo* bado vina ukaribu wa sauti na asili ambao ungeweza kumsaidia mwalimu kuueleza uhusiano wa Kigiriki, ila *pepo* imekwisha kuhukumiwa. Hakuna kamusi ya Kiingereza itakayomwonyesha mwanafunzi haya. Yanaonekana tu lugha zenyewe zinapowekwa mezani.

Jambo hili lina uzito kanisani. Mchungaji kijana anaporudi mwambaoni huitwa kwenye msiba. Baada ya maziko, familia huzungumzia mrithi wa jina la marehemu. Je, *umupashi* unaorithiwa kwa upande wa mama na *Mupashi* anayetajwa katika ubatizo ni wa namna moja? Muumini anayesikia neno lilelile anaweza kudhani kwamba Roho wa Mungu naye ni urithi wa ukoo, au kwamba kanisa limebariki desturi yote bila kuichambua. Mwingine anaweza kuona kinyume, kwamba kwa kuwa Roho ni mlinzi aliye karibu kama mhenga, basi Mungu si mgeni. Maoni yote mawili yanastahili kujibiwa, na mchungaji aliyejifunza mafundisho ya Roho kwa Kiingereza pekee hufika msibani akiwa na majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeyauliza.

Mfano wa pili ni wa majirani. Mashahidi wa Yehova hufundisha kwamba roho takatifu si nafsi bali ni nguvu ya Mungu inayotenda kazi. Makanisa mengine ya mwambaoni hufundisha kwamba Roho ni nafsi ya Utatu. Kwa Kibemba pande zote mbili hutumia maneno *mupashi* na *mushilo*. Mjadala huo, unaoweza kuonekana kuwa wa vitabuni, hapa unabebwa na neno ambalo kwa asili lilikuwa jina la mtu aliyekufa na anayekumbukwa kwa jina lake. Mwanataaluma ya dini anaweza kueleza kwa nini hoja ya nafsi husikika kirahisi kwa wazee, na kwa nini hoja ya nguvu hudai maelezo marefu zaidi. Hatalazimika kuamua nani yuko sahihi. Uamuzi huo ni wa theolojia, lakini theolojia haiwezi kuufikisha kwa watu bila maelezo hayo.

6. Mjadala Mpana wa Kanda

Suala hili si la Mweru peke yake. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, mwanafunzi Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Katanga, alitetea uwezekano wa theolojia yenye sura ya Kiafrika mbele ya mkuu wa kitivo chake, Alfred Vanneste, aliyeshikilia kwamba theolojia ya kweli haina budi kuwa ya ulimwengu wote. Mjadala huo uliendeshwa kwa Kifaransa. Katika miaka hiyohiyo, miongoni mwa wafanyakazi wa migodi ya Katanga, vuguvugu la Jamaa lililoanzishwa na Mfransisko Placide Tempels lilikuwa likiitafakari imani kwa Kiswahili. Wafuasi waliitana *baba* na *mama*, na maarifa yao waliyaita *mafundisho*. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliandika juu yao mwaka 1971. Wakati wasomi walipobishana kama theolojia ya Kiafrika inawezekana, wachimba madini walikuwa tayari wakiizungumza.

Afrika Mashariki nayo ina onyo lake. Okot p'Bitek, alipokosoa utafiti wa Kimagharibi kuhusu dini za Afrika, alieleza jinsi wamisionari walivyowauliza Waacholi ni nani aliyewaumba, na kutokana na jibu walilopata wakachukua jina Rubanga kumwita Mungu, ilhali Rubanga alikuwa roho inayohusishwa na ugonjwa wa kupinda mgongo. John Mbiti, aliyefundisha Makerere, alikuwa na mtazamo tofauti, kwamba Waafrika walimjua Mungu kabla ya misheni na kwamba majina yao kwake ni maandalizi ya Injili. Wasomi hawa hawakukubaliana, lakini wote wawili waliingia kwenye mjadala kupitia maneno ya lugha za watu. Mwanafunzi wa Mweru akiusoma mjadala wao anapaswa kuuliza: je, *umupashi* ni Rubanga mwingine, yaani kosa la tafsiri, au ni maandalizi kama asemavyo Mbiti? Swali hilo ni zuri kwa tasnifu ya shahada, na data zake ziko nyumbani kwake.

7. Yanayoweza Kufanyika

Mambo matatu yako ndani ya uwezo wa vyuo vilivyopo. Kwanza, kozi za tafsiri ya Biblia na mafundisho ya msingi zinaweza kumtaka kila mwanafunzi atafsiri dhana chache, kama vile roho, utakatifu, dhambi na wokovu, katika lugha yake ya nyumbani, kisha aeleze kila neno lilimaanisha nini kabla ya kanisa. Zoezi hilo halihitaji vitabu vipya. Pili, wanafunzi wa ualimu wanaoandaliwa kwa muhtasari wa 2044 wanaweza kukusanya simulizi kama ya Nachituti kutoka kwa wazee na kuzichambua kama matini za kidini, badala ya kuzitaja tu kama mila za zamani.

Tatu, na hili linawahusu moja kwa moja wanataaluma wa Kiswahili, panahitajika utafiti linganishi wa msamiati wa dini katika Kibemba, Kiswahili sanifu na Kiswahili cha Katanga. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, na mpaka wake wa kusini unagusa maji ya Mweru. Hata hivyo, tafiti za Kiswahili cha dini zimeelekea zaidi pwani na bara la Tanzania na Kenya. Mwambao wa Mweru unatoa nafasi adimu ya kuona Kiswahili chenye msamiati uliotoka kwenye Uislamu kikiishi mkabala na lugha ya Kibantu iliyotumia msamiati wa wahenga, ndani ya makanisa yaleyale na masoko yaleyale.

8. Hitimisho

Makala yameeleza kwamba theolojia na taaluma ya dini ni masomo mawili yanayohitajiana, na kwamba kiungo chao katika mwambao wa Mweru ni lugha. Neno *Mupashi* linamleta mhenga ndani ya fundisho la Roho. Neno *Roho* linaleta karne za Uislamu wa pwani. Hakuna kati yake lililo kosa, na hakuna lililo tupu. Chuo kikuu kinachofundisha kana kwamba maneno hayo hayapo humpa mhitimu cheti kinachotambulika Kitwe na Lusaka, lakini humwacha bila lugha ya kuhubiri, kufundisha na kufariji Nchelenge. Kinachofundisha kwa kuyachunguza humwezesha kuwafafanulia watu wa ng'ambo zote mbili kile ambacho wamekuwa wakikitamka siku zote.